Tai wa Usambara na hesabu ya yai moja

Ndugu msikilizaji, kuku wa kienyeji akiatamia vizuri hutoka na vifaranga kumi, wakati mwingine zaidi. Mwewe akichukua wawili na mdondo ukaondoka na wanne, mwenye kuku hulalamika, lakini banda halifungwi. Baada ya miezi michache kuku yule yule anataga tena na hesabu inarudi pale pale. Hiyo ndiyo hesabu tuliyoizoea, na wengi wetu tunadhani ndege wote huishi kwayo.

Sasa mchukue tai wa msituni anayeishi katika milima ya Usambara, yule mwenye kishungi kichwani, ambaye kitoweo chake ni kima, mbega, perere na paa wadogo. Jike hutaga yai moja au mawili. Yakiwa mawili, kinda anayetangulia kuanguliwa humpiga mdogo wake mpaka afe, na wazazi hawaingilii ugomvi huo. Yai la pili ni la akiba tu, endapo la kwanza litakuwa viza. Kuatamia huchukua siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani zaidi ya siku 100 kabla ya kuruka, na akisha kuruka bado huletewa chakula na wazazi wake kwa miezi tisa, kumi, hata kumi na moja. Jumla ya hayo yote ni kwamba jozi moja ya tai huweza kulea mtoto mmoja tu katika miaka miwili.

Je, ndege mwenye uzazi wa namna hiyo anaishije katika dunia yenye nyoka, dhoruba, njaa na mwanadamu mwenye panga? Hilo ndilo swali letu juma hili. Na swali hilo lina historia yake, ambayo sehemu kubwa iliandikwa hapa hapa nchini, katika mkoa wa Tanga.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana sisi watu wa mjini tuna kawaida ya kumwita kila ndege mkubwa anayezunguka angani tai, na kila mdogo wake mwewe. Mwewe hasa ni yule mwenye mkia uliogawanyika kama panda, anayenyakua matumbo ya samaki pale Feri, Dar es Salaam. Tumbusi ni yule wa mizoga, ingawa bara wengi humwita tai naye. Pungu ni yule mweusi mwenye uso na miguu myekundu na mkia mfupi mno, anayepita juu ya nyika akiyumba kama anayecheza. Kozi ni mwenye mbio kuliko wote. Bundi tunamjua, na tunamwogopa bila sababu. Hawa wote ni ndege wawindaji, na karibu wote walio wakubwa wana tabia moja: huzaa kidogo, huchelewa kukomaa, huishi siku nyingi.

Sasa twende Usambara. Msafiri anayepanda gari kutoka Mombo kupitia Soni mpaka Lushoto yumo katika Usambara ya Magharibi. Akisimama kwenye genge la Irente huona nyika ya Mazinde iko chini kabisa kama ramani, na mara nyingi huona pia ndege mnene mwenye mkia wa rangi ya kutu, ametandaza mabawa, hapigi hata bawa moja. Ng'ambo ya bonde la mto Lwengera iko Usambara ya Mashariki, na humo ndimo ilimo Amani.

Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe pale Amani mwaka 1902. Walikuja kwa ajili ya kahawa, mpira, kwinini na mazao mengine ya biashara. Ndege hawakuwa shabaha yao. Hata hivyo alikuwapo mtaalamu wao wa wanyama, Julius Vosseler, ambaye kazi yake hasa ilikuwa wadudu waharibifu wa mazao. Huyu ndiye aliyepeleka Ujerumani bundi mkubwa wa msituni ambaye wataalamu wa huko hawakuwa wamemwona. Mwaka 1908 mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, alimwandika rasmi na kumpa jina la Vosseler. Leo tunamwita bundi wa Usambara. Alikuwa adimu kuonekana kiasi kwamba mwaka 1964, miaka 56 baadaye, bado ilikuwa habari ya kuandikwa katika jarida la kitaalamu kwamba amepatikana tena.

Mwandishi wa habari hiyo ya mwaka 1964 alikuwa Mwingereza Reginald Moreau, na huyu ndiye ninayetaka tumtazame kwa karibu. Moreau hakusomea elimu ya viumbe. Alikuwa mkaguzi wa hesabu. Kijana wa miaka 17 hivi aliajiriwa katika idara ya ukaguzi wa fedha za serikali ya Uingereza, akashikwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1920 akahamishiwa Misri, nchi ya jua na hewa kavu. Huko ndiko alikoanza kuwatazama ndege, na huko ndiko alikompata mkewe, Winifred. Mwaka 1928 alikuja Amani, ambako Waingereza walikuwa wameifufua ile taasisi ya Wajerumani, akiwa mtu wa maktaba na kazi za ofisi. Alikaa mpaka mwaka 1946.

Mkaguzi wa hesabu akiwekwa katikati ya msitu atafanya nini? Atahesabu. Moreau alihesabu aina za ndege katika kila kimo cha mlima, na mwaka 1935 akachapisha uchunguzi mrefu juu ya Usambara nzima, misitu yake, mvua zake na ndege wake. Alihesabu siku za kuatamia. Alihesabu ni mara ngapi kwa saa mzazi analeta chakula kiotani. Alihesabu mayai.

Hakuhesabu peke yake. Winifred alikuwa mshirika wake katika kazi hiyo. Na alikuwapo Mwafrika wa Amani, Salimu Asmani, ambaye jicho lake na sikio lake la msituni ndivyo vilivyofanya mambo mengi yawezekane. Salimu aliwatafuta ndege, aliwakusanya, alitumwa safari za mbali, alitazama viota. Moreau alimtaja kwa sifa katika maandishi yake, jambo ambalo wakati wa ukoloni halikuwa la kawaida. Lakini katika orodha za wagunduzi jina la Salimu halionekani sana, na ni haki yetu sisi kulitaja. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na waundaji wengine hawakuandikwa ubavuni mwa chombo.

Mwaka 1944 Moreau alichapisha katika jarida la Ibis makala iliyotikisa elimu ya ndege. Alikusanya kumbukumbu za mayai ya ndege wa Afrika na kuzilinganisha na za ndege wa jamii moja walioko mbali na ikweta. Akaonyesha kwa tarakimu kwamba kadiri unavyoikaribia ikweta, ndivyo idadi ya mayai katika kiota inavyopungua. Ndege ambaye jamaa yake wa Ulaya hutaga matano au sita, yeye hapa kwetu hutaga mawili au matatu. Mwaka uliofuata, 1945, alichapisha makala ndefu juu ya pungu kiotani, ndege anayetaga yai moja na ambaye mtoto wake huchukua miaka saba hivi kupata manyoya kamili ya mtu mzima. Mwaka 1947 akatoa tena hesabu za viota vya aina tisa za ndege wa Tanganyika, akipima kama wingi wa makinda unawafanya wazazi walishe zaidi.

Kwa nini ndege wa nchi ya joto watage mayai machache? Hapo wakubwa wa elimu waligawanyika. David Lack wa Oxford alisema kila ndege hutaga idadi anayoweza kuilisha, na kule kaskazini mchana wa kiangazi ni mrefu, basi mzazi ana saa nyingi za kutafuta chakula. Alexander Skutch, aliyeishi miaka mingi Costa Rica, aliuliza mwaka 1949: je, ni kweli ndege wa tropiki hulea watoto wote wanaoweza kuwalisha? Au wanajizuia kwa sababu nyingine? Mjadala ule umeendelea kwa miongo mingi. Lakini jambo moja lilianza kuonekana wazi, nalo ni kwamba mayai hayawezi kuhesabiwa peke yake. Lazima uhesabu pia miaka ya mtagaji. Mwenye maisha mafupi hana budi azae haraka na kwa wingi. Mwenye maisha marefu anaweza kuzaa kidogo kidogo, mradi asife.

Mradi asife. Maneno hayo mawili ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Ndugu msikilizaji, aliyeichukua hesabu hii na kuipeleka kwa tai wenyewe alikuwa Leslie Brown, bwana kilimo wa Kenya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alifuatilia tai waliokuwa wakitaga katika kilima kimoja huko Embu, na tai wenye kishungi waliokuwa na kiota Karen, karibu na Nairobi. Alirudi kwenye viota vile vile mwaka baada ya mwaka. Ndipo alipothibitisha kwamba tai mwenye kishungi hazai kila mwaka, kwa sababu mtoto wa mwaka jana bado yumo katika eneo la wazazi akilia njaa. Kisha akafanya kile ambacho Moreau angekipenda: akauliza, kama jozi moja inatoa watoto hawa wachache, na wengi wao hufa kabla ya kuoa, mzazi lazima aishi miaka mingapi ili ukoo usikatike?

Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano mwepesi. Nasema ni mfano; si takwimu za msitu wowote.

Chukua tai wazima 100. Kama kila mwaka hufa 5, basi kwa wastani tai mzima ataishi miaka 20 tangu aanze kuzaa. Jozi inayolea mtoto mmoja kila miaka miwili itakuwa imelea watoto 10 katika miaka hiyo. Maisha ya tai kijana ni magumu. Hajui kuwinda vizuri, hana eneo lake, anafukuzwa huku na kule. Tuseme katika kila watoto watano anafika mmoja tu kwenye umri wa kuzaa. Kumi wanatoa wawili. Wawili wanachukua nafasi ya baba na mama. Mizani imelingana.

Sasa ongeza vifo kidogo tu. Badala ya 5, wafe 10 katika 100. Wastani wa maisha unashuka kutoka miaka 20 hadi 10. Watoto wanakuwa 5 badala ya 10. Anayefika utu uzima ni mmoja. Baba na mama wameondoka wawili, nafasi imejazwa na mmoja. Kizazi kinachofuata kitakuwa nusu, na kinachofuata nusu ya nusu. Kilichoongezeka ni vifo vitano tu katika mia, jambo ambalo mtu apitaye njia hawezi kuliona kwa macho.

Linganisha na mwaka mbaya wa makinda. Mvua ikawa kubwa, makinda wote wa mwaka huo wakafa. Jozi imepoteza mtoto mmoja kati ya kumi wa maisha yake. Ni hasara, lakini inabebeka. Mfanyabiashara wa Kariakoo ataielewa tofauti hii upesi. Kinda ni faida. Tai mzima ni mtaji. Faida ya mwaka mmoja ikipotea, duka linafunguliwa kesho. Mtaji ukianza kuliwa, hata kidogo kidogo, mlango utafungwa siku moja na majirani watashangaa.

Watu huuliza: je, ndege hawa wanazeeka kama sisi? Wanazeeka, ila uzee wao hauonekani kwa mvi. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ndege wa porini hafikii uzee, kwamba ajali humwahi. Ili kujua, ilibidi ndege wavishwe pete mguuni wakiwa makinda na wafuatiliwe maisha yao yote. Kazi nzuri ya namna hiyo imefanywa kusini mwa Hispania, katika hifadhi ya Doñana, kwa mwewe, ndugu wa hawa wa kwetu wa Feri. Iligundulika kwamba mwewe kijana hafanyi vizuri. Anazaa kidogo na kufa sana. Kadiri miaka inavyokwenda anapata ujuzi, anapata eneo zuri, anapata mwenzi mzoefu. Anafika kilele chake katikati ya umri, halafu baada ya miaka 11 hivi nguvu huanza kumshuka. Mwaka 2014 wataalamu wale walichapisha habari za mwewe 92 waliofuatiliwa kwa satelaiti wakivuka Sahara kwenda na kurudi, wakiwa na umri wa kuanzia mwaka 1 hadi 27. Wakubwa walisafiri vizuri kuliko vijana. Waliondoka mapema na kuupambanua upepo. Sehemu ya sababu ni kwamba walijifunza, na sehemu nyingine ni kwamba waliokuwa hodari hafifu walikwisha kufa njiani.

Kwa ndege wakubwa zaidi miaka huwa mingi zaidi. Mwaka 2010 alikufa katika bustani ya wanyama ya Connecticut, Marekani, tumbusi mmoja wa milima ya Andes aliyeitwa Thaao. Alikuwa na miaka 79. Huyo alilishwa na kutibiwa na binadamu, wa porini hafiki huko kwa urahisi. Lakini anatuonyesha mwili wa ndege wa aina hiyo umeundwa kwa safari ya urefu gani.

Basi tunapomuua tai mzima hatuui ndege mmoja tu. Tunaua miaka kumi ya kujifunza, tunavunja ndoa, tunaacha wazi eneo ambalo kijana atakayelishika atachukua miaka kabla hajalea mtoto wa kwanza.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ni la hatari zaidi, kwa sababu limejificha. Ndege anayeishi miaka mingi anaweza kutudanganya. Tuseme jozi ya tai katika bonde fulani imeacha kufanikiwa kulea. Pengine mti wa kiota umekatwa, pengine kima wamekwisha. Wazazi wenyewe bado wazima. Kila asubuhi wanaruka juu ya bonde, na wanakijiji wanasema, tai wapo, mbona tunawaona? Kweli wapo, lakini ni wazee watupu. Watu wataendelea kuwaona miaka kumi, kumi na mitano, halafu katika muda mfupi hawatakuwapo tena, na kila mtu atauliza nini kimetokea mwaka huu. Kilichotokea hakikutokea mwaka huu, bali siku ile mtoto wa mwisho alipokosa kuruka.

Uingereza waliwahi kupata somo hili kwa kozi. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa za kuulia wadudu kama DDT zilienea mashambani. Kozi waliendelea kuonekana kwenye magenge yao, wakitaga, wakiatamia, na mayai yakivunjika chini yao. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe alilinganisha maganda ya mayai yaliyohifadhiwa zamani na ya wakati wake, akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba katika miaka ya 1940, dawa zile zilipoanza kutumika. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita.

India walipata somo lile lingine, la mtaji kuliwa. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa aina tatu walipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba sababu ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa karibuni, figo zake hufa. Hesabu ilionyesha kwamba ilitosha chini ya mzoga mmoja katika kila mia kuwa na sumu hiyo ili tumbusi waanguke namna ile. Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka. Hana namna ya kufidia. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na pamoja nao hofu ya kichaa cha mbwa. India, Pakistani na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Na kwetu? Majirani zetu wa Kenya walihesabu ndege wawindaji barabarani katika miaka ya 1970, wakarudia kati ya mwaka 2003 na 2020. Katika aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua, nusu yake kwa asilimia 70 au zaidi. Mwaka 2024 ulitoka uchunguzi wa Afrika nzima juu ya aina 42, na aina 37 kati ya hizo zilikuwa zikipungua. Sumu zinazotegwa kwenye mizoga kwa ajili ya simba na fisi, nyaya za umeme, ukataji wa misitu, biashara ya vichwa na manyoya kwa uganga, vyote vimetajwa.

Turudi Usambara, maana huko tatizo lina sura yake. Misitu ya Usambara haikuanza kukatwa jana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia ya kamba ya chuma kutoka Mkumbara mpaka juu Shume kuteremsha mbao za mwangati. Baadaye ukaja mkulo, mti mkubwa wa thamani, ukakatwa miaka na miaka. Usambara ya Mashariki magogo yalivunwa kwa mashine mpaka katika miaka ya 1980. Tangu hapo yamefanyika mema pia. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na msitu wa Magamba juu ya Lushoto leo ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini msitu uliobaki umekatikakatika, vipande vikubwa na vidogo vikitenganishwa na chai, mahindi na kabichi.

Tangu mwaka 1987 Mmarekani William Newmark na wenzake, pamoja na Watanzania wa vijiji vya pale, wamekuwa wakiwanasa ndege wadogo wa chini ya miti kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia, katika Usambara zote mbili. Mwaka 2011 walichapisha matokeo juu ya viota. Katika vipande vidogo vya msitu viota vingi zaidi huharibika kuliko katika msitu mkubwa. Ndege wale si tai, ni wadogo kama chiriku, lakini onyo ni lile lile: kumwona ndege katika kipande cha msitu si ushahidi kwamba anazaa humo. Na kama mdogo anashindwa, itakuwaje kwa tai anayehitaji mti mkubwa wenye panda imara wa kubeba kiota kinachotumika miongo kadhaa, na msitu mpana wenye kima wa kutosha?

Pengine mtu atasema, mwacheni tai afe, sisi tuna shida zetu. Namheshimu mtu huyo, maana mama wa Lushoto aliyenyang'anywa vifaranga hawezi kula falsafa. Lakini nimkumbushe jambo moja. Kuanzia mwaka 1980 mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, wilaya ya Lushoto iliteswa na tauni, ugonjwa wa viroboto wa panya, na maelfu ya watu waliugua. Sisemi kwamba tauni ililetwa na upungufu wa ndege. Tauni ina sababu nyingi. Nasema hivi: yule ndege mnene mwenye mkia wa rangi ya kutu anayeelea juu ya Irente chakula chake kikubwa ni panya, fuko na nyoka. Bundi anayelia juu ya paa usiku amekuja kwa ajili ya panya, hakutumwa na mchawi. Mkulima anayempiga bundi kwa jiwe amemwachisha kazi mlinzi asiyedai mshahara, na nafasi yake haitajazwa mwakani.

Yanayotakiwa si makubwa. Vifaranga wafungiwe banda au wafunikwe tenga majuma ya mwanzo, badala ya kutega sumu inayoua asiyekusudiwa. Mti wenye kiota kikubwa uachwe, hata kama ni mbao nzuri, kwa sababu kiota kile ni nyumba ya vizazi. Na wale wenye kazi ya kutunza misitu, wanapoandika ripoti, wasiandike tu kwamba tai wameonekana. Waandike kama kinda ameonekana, na mwaka gani.

Moreau alifariki mwaka 1970. Amani ya leo si ya Wajerumani wala ya Waingereza. Daftari la hesabu liko mikononi mwetu. Ukaguzi mzuri haumuulizi mwenye duka ana bidhaa kiasi gani rafuni leo. Humuuliza mtaji uko wapi, na kama bado unazaa. Swali hilo hilo tuliulize juu ya tai wa Usambara kila tunapofurahi kuwaona angani.